Huu Nao Haufai

"Huu nao haufai," dada alisema, akachomoa flashi.

Kaka yake alicheka kutoka upande wa pili wa kioo kilichotenganisha ofisi na duka. "Mfumo wa kompyuta unauchagua kama mchumba?"

Dada alichomeka nyingine. Ofisi ya duka la rangi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, na mlango wake ulipitia dukani, na dukani alikaa kaka. Tangu wazazi wao wafariki dada alikuwa mhasibu humo, na jioni walirudi nyumba moja. Simu yake ilikuwa ya vitufe, maana kaka alisema simu kubwa huharibu watu.

Ndani ya kompyuta kaka aliweka programu iliyonakili kila herufi aliyoandika mdogo wake. Hakuficha. Kila jioni aliisoma akinywa chai. Mwaka jana dada aliomba kazi kwa barua pepe kwenye kiwanda cha vigae, mji mwingine. Kaka aliliona jibu kabla yake, akawapigia simu akasema binti ameghairi. Kisha akamwambia mwenyewe, kwa upole kabisa: "Tumebaki wawili tu, mdogo wangu. Uende wapi?"

Dada alilia chooni, mahali pekee penye komeo.

Sasa mfumo wa zamani ulikuwa unadai ulipiwe leseni, na kaka ana mkono wa birika. Akamwita fundi wa mtaa wa pili, mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Flashi.

"Ipo ya bure," Mama Flashi alisema, akimwaga flashi mezani. "Imetengenezwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaruhusiwa kuichungulia ndani. Ila ni mingi. Anayeitumia kila siku ni dada, basi ajaribu achague."

"Programu yangu itaguswa?" kaka aliuliza.

"Kwa kujaribu, hapana. Mfumo unatembea juu ya flashi tu, diski ya kompyuta inalala na vyote vilivyomo. Ukichomoa, kompyuta yako inaamka vile vile ilivyokuwa."

"Safi. Akishachagua utauweka, na programu yangu juu yake."

Basi dada akajaribu. Wa kijani, herufi zake ndogo. Wa zambarau uligoma kuelewana na printa. Wa buluu alikaa nao wiki nzima, halafu akasema unamchosha macho. Kila alipofikiria siku ya kuwekewa mmoja kabisa, na ile programu juu yake, alichomeka flashi nyingine.

Kaka alipita nyuma yake mara kwa mara, akaona picha za milima na ankara za rangi, akaenda zake. Jioni alikuta hana cha kusoma. Alifurahi. Mtoto ametulia, alijisemea, akaongeza sukari.

Lakini subira yake nayo ilikuwa na kikomo. "Kesho Mama Flashi anakuja," alisema. "Chagua mmoja, hata kwa kufumba macho."

"Sawa, kaka. Kesho."

Asubuhi Mama Flashi alifika na begi lake la vifaa. Kaka alikuwa ameshaiandaa programu yake.

"Haya, bibi harusi. Umempata nani?"

"Wa zamani," dada alisema. "Uacheni ulivyo."

"Muda wote huo wa kujaribu, unarudi pale pale?" kaka alishangaa.

Dada alikuwa anamrudishia Mama Flashi flashi zake, moja moja. Alipomaliza, aliinama akavuta begi la nguo kutoka chini ya meza.

Nje lori lilisimama. Dereva, vumbi la vigae hadi kwenye nyusi, aliingiza kichwa dukani. "Samahani, namtafuta mhasibu wetu mpya. Nimeambiwa nimpitie hapa."

Kaka aliirukia kompyuta, akaifungua programu yake, akashuka nayo siku baada ya siku. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu kiwanda.

"Umeongea nao lini?" aliuliza.

"Nilipokuwa nachagua, kaka."