Kinga ya Mtoto

Kitu cha kwanza alichokiona dada wa kazi ni kidole cha nesi. Kilikuwa kimesimama kwenye jina la mtoto katika karatasi ya majibu ya damu, hakishuki.

"Huyu ana kinga," nesi alisema. "Aliipata korona bila hata kukohoa. Watoto wengi huwa hivyo. Ninyi wazazi pia mnayo."

"Na huyu?" Mama mwenye nyumba alimwelekezea dada kidevu.

"Damu yake haioneshi kitu. Inaelekea hajawahi kuugua."

Baba aliweka simu mezani. Ilikuwa miezi mitatu tangu amzike mama yake, bibi wa mtoto, aliyekufa kwa korona. Miezi hiyo yote dada alikula chakula nje, kwenye sahani iliyopakwa rangi ya kucha isichanganywe na nyingine, maana ilisemwa ndiye aliyemletea bibi ugonjwa. Hata jina lake sasa lilikuwa Korona.

"Vipimo navyo hukosea," mama alisema haraka. "Korona, hebu kalete chai."

Dada hakwenda. Alimfunga mtoto kamba za viatu, akamwambia akacheze uani. Mtoto akatii. Dada alisubiri mlango ufungwe. Moyoni aliona utamu.

"Baba," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuinamisha uso, "wiki ile uliyotukataza kutoka, kabla bibi hajaugua, mama alimpeleka mtoto kwenye sherehe ya shoga yake. Waliporudi, mtoto alilala kifuani kwa bibi mpaka asubuhi."