Poda ya Siku ya Matokeo

Mbuzi alikataa kupanda pikipiki. Alisukumwa, akavutwa, akabembelezwa kwa jani la kabichi, na mwishowe akafungwa nyuma ya Kitsa kama abiria yeyote atokaye Butembo kwenda Beni. Njia nzima alimlilia kwenye sikio la kushoto.

Hakuwa mbuzi wa kuchezea. Bibi yake Kitsa alimtoa awe wa kwanza katika mbuzi wa mahari ya Jokébed, mwimbaji wa kwaya kule Mususa na mwanafunzi mwenzake, ambaye baba yake alikwisha kutangaza kwamba mwenye mkono mtupu asibishe hodi kwake. Lakini Kitsa alikuwa anamaliza mwaka wa kwanza wa uchumi, na mwanauchumi haendi kuposa na mbuzi mmoja akiweza kwenda na watatu.

Siri aliipata darasani. Muhula mzima Profesa Maliro alifundisha soko kwa mfano mmoja tu: poda ya watoto. Siku ya matokeo, kila aliyefaulu humwagiwa poda kichwani mpaka mama yake amsahau. Mahitaji yanapanda, maduka yanaishiwa, bei inaruka. "Kila kitu kingine kikibaki vilevile," humalizia Profesa, kidole juu, kama mchungaji anayefunga sala.

Darasa zima liliandika. Aliyeelewa, kwa maoni ya Kitsa, alikuwa Kitsa peke yake.

Poda ya jumla ilikuwa Mulekera, mtaa wa Beni, kwa Mama Godelive. Mama alimfungua mbuzi mdomo, akamtazama meno.

"Iko na afya?"

"Afya sana, Mama. Hata kuimba anaimba."

"Donc, beba makartoni yako. Utapata faida, mutoto yangu." Akainua kidole. "Kila kitu ingine ikibakia vile vile."

Kitsa alifurahi kuona jinsi elimu ilivyoenea nchini.

"Mama, hapana ambia mutu."

"Miye? Kinywa yangu njo kaburi." Akamvuta mbuzi hadi uani, wakatoweka katikati ya mbuzi wengine, kuku wengi, baiskeli na gitaa moja.

Siku ya matokeo ikafika. Katibu wa kitivo akasimama mbele ya darasa lote, akakohoa kwa heshima zote, akasoma: somo la uchumi mdogo, la Profesa Maliro, wamefaulu wote.

Wote! Kitsa alihesabu vichwa. Alikuwa ameomba nusu yao tu. Akachomoa makartoni nyuma ya ukuta, akaruka juu ya benchi, akajaza mapafu.

"Poda! Poda ni hapa!"

Sauti yake ikarudi kama mwangwi. Haikuwa mwangwi. Onésime, mpiga gitaa wa darasa, alikuwa juu ya benchi lingine na kartoni kwapani. Nadège alikuwa anaburuta gunia. Darasa zima lilikuwa linaliuzia poda darasa zima.

Mbele yake akatokea Jokébed, mfuko wa kwaya begani, mweupe kwa vumbi.

"Na weye pia?" Kitsa akauliza.

"Kuku ya mama, yote," Jokébed akasema. "Nilitaka nikusaidie mahari."

Bei ilianza juu, ikashuka, ikaanguka, ikawa bure. Kisha ikawa kwa nguvu. Nadège alimmwagia Onésime, Onésime akamkosa Nadège na kumpata Katibu, na Katibu, mzee wa kanisa, akajibu kwa mikono miwili. Majirani walikimbia kuanua nguo wakidhani ukungu umeshuka. Kitsa na Jokébed walicheza hadi wakakosa pumzi, weupe kama maandazi kabla ya kukaangwa, na mahari yao ikaelea taratibu juu ya Butembo.

Ndipo gari lililotoka Beni lilipopiga honi langoni. Nyuma yake mbuzi akalia, na sikio la kushoto la Kitsa likamtambua.

Profesa Maliro alipita katikati ya wingu lile, koti lake halina hata chembe ya poda, akapanda mbele kando ya Mama Godelive.

"Mume yangu," Mama Godelive akasema, akiwasha injini, "mwaka kesho utabafundisha na mufano gani?"

Profesa akainua kidole.

"Miavuli."