Nyumba Nyingine ya Khatibu

Sheria iliruhusu kila nyumba kutibiwa moyo mara mbili tu. Khatibu alikwishapandikizwa mishipa, kisha akawekewa stenti, kijibomba cha kuupanua mshipa wa moyo. Sasa stenti ile ilikuwa imeziba, na hospitali ikamrudisha afie nyumbani. Mkewe, Mize, akaenda kwa Salha, mjane ambaye nyumba yake haikuwahi kutibiwa.

"Dada, olewa na mume wangu," aliomba. "Awe wa nyumba yako."

"Itabidi akuache. Sheria haimruhusu mtu nyumba mbili."

"Najua."

Khatibu, hoi kitandani, akatamka talaka na kuitikia ndoa bila kuelewa anachosema. Stenti ikazibuliwa.

Alipopata nafuu alimpigia Mize simu. "Mbona huji kunichukua?"

Mize alimwambia asisahau dawa zake, akakata.