Beji ya Mzungumzaji wa Saa Nne

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga gizani, uji ukichemka. Mwanaheri akawasha taa, akarudi kwenye beji za wanakemia wa nadharia. Kongamano lilikuwa asubuhi hiyo, na kila mwaka yeye, karani wa idara, hulipanga lote kisha akalisikiliza nje ya mlango, kwa kiu ya mtu aliyesoma kemia madarasa ya jioni.

Jana Profesa Kombo alimwambia, "Mzungumzaji wa saa nne haji, mwanangu. Utatusomea hesabu zako za kemia, au nirefushe muda wa chai?"

"Watanicheka, Profesa."

"Wakicheka, chai ipo."

Beji moja, ya mzungumzaji wa saa nne, ilibaki tupu. Aliishika mpaka kukapambazuka, ndipo akaandika. Bintiye aliyeamka akaisoma kwa kidole, herufi moja moja.

"Mama, hili ni jina lako."