Majivu ya Pimbi

Zamani wanyama walipokuwa wakilima, Pimbi alipanda mchicha, chakula pekee cha wanawe. Viwavi wakauvamia. Jirani yake Chura akamwambia, "Shoga, niache niingie, nitawala mmoja mmoja."

"Mmoja mmoja mpaka lini? Nataka waishe upesi!"

Pimbi akanyunyiza majivu kwenye majani. Kila asubuhi umande uliyaosha, naye akanyunyiza tena. Kuni zilipokwisha, akachoma nguzo za uzio wa bustani yake, moja moja, apate majivu zaidi. Siku ya saba hapakuwa na kiwavi, wala uzio.

Adhuhuri akamkuta Mbuzi bustanini, akitafuna shina la mwisho.

"Hongera, dada," alisema Mbuzi. "Mchicha wako hauna mdudu hata mmoja."

Pimbi akaketi kwenye tuta tupu, ungo wa majivu mapajani, akisikia wanawe wakimwita na kuuliza kama waje kula.