Neno la Vitu Visivyobebeka

Mfasiri alikuwa amekwama kwenye kivumishi kimoja cha Kiingereza cha kale. Akaisoma maana yake kwa sauti, kama alivyozoea: "Kizito. Hakishikiki vizuri. Humchosha anayekibeba."

Kitandani nyuma yake, mama yake, aliyepooza upande mmoja, akauliza, "Mwanangu, unanisema mimi?"

Mfasiri akageuka. Kiuno kilikuwa bado kinamuuma tangu alipomwinua asubuhi. "Hapana, mama. Ni neno la kazini tu. Hutumika kwa makabati."

"Kabati lina nafuu. Halihitaji kuogeshwa."

Wakacheka kidogo. Kisha mama akasema taratibu, "Lakini umechoka nami. Sema kweli."

Mfasiri alitaka kukana, ila uchovu ulikuwa umemziba mdomo. Kimya kilipozidi, mama akawa ameshapata jibu lake.

"Zima hiyo kompyuta, uje ulale."

"Nitalala wapi, mama? Kitanda chenyewe kimoja."

Mama aliukamata ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima, akauma meno, akaanza kujivuta kuelekea ukutani, polepole, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.