Oili ya Helikopta

"Mwalimu, beringi zote nimezilainisha kwa ile oili ya cherehani uliyonipa. Leo inaruka mpaka Kigoma!" Obedi alitamba, na darasa zima likashangilia.

Asubuhi ya Kasulu ilikuwa na baridi kali, lakini yeye alitokwa jasho kwa furaha. Kama helikopta ndogo ya darasa ingeruka, rimoti ingekuwa yake likizo nzima.

Akabonyeza rimoti. Mapanga yakajivuta nusu mzunguko, yakagoma.

Mwalimu akachokonoa beringi kwa sindano. Likatoka tope la rangi ya chungwa, limeganda kama siagi.

"Ndiyo ile ile uliyonipa, mwalimu, ya Ulaya hiyo," Obedi akawahi.

Dada yake, aliyesimama mbele ya wote, akainusa sindano.

"We Obedi, si mawese ya mama haya? Jana tumekula maharage bila mafuta, ukasema paka kamwaga!"